Mkono Unaoziba Lenzi

Kanab, Utah
4 Mei 1953

Kwa Verna, Makasi wangu,

Mikebe ya kwanza ya filamu inakuja na ndege ya leo. Ifungue wewe mwenyewe. Delbert, dereva wetu, ameapa ataifikisha uwanjani salama, lakini Delbert aliapa pia kwamba ameacha pombe.

Huku ni mchanga tu. Unaingia kwenye kahawa, kwenye maharage, kwenye macho. Usishangae mistari yangu ikipandana, naandikia ndani ya gari. Clay Burdett amenenepa tena na farasi wake ananitazama kwa lawama, ila uso wa Clay ukiuweka mbele ya kamera bado hauhitaji maneno. Mzee wetu wa "Kisima cha Mwisho" atamcheza vizuri. Gus Lindahl anapiga picha kama kawaida yake, na amenuna kama kawaida yake.

Sasa sikiliza. Sturgis, bwana wa kampuni, amenipigia simu kutoka ofisini. "Orrin, ndugu yangu," akasema, na mtu huyu akiniita ndugu nashika mfuko wangu, "watu hawatoki tena majumbani. Wana sanduku lao la picha sebuleni. Wakitoka, wanataka kurudi wakitabasamu. Yule mwanamke aje kisimani." Nikamwambia mwanamke haji. Mzee anamngoja, haji, anapanda farasi anaondoka. Ndiyo filamu yenyewe. Akacheka. Sikuupenda mcheko ule.

Mkataba unaujua. Nikimaliza kupiga kwa wakati, ukataji wa filamu ni wangu na mkataji ni wewe. Nikishindwa, kwa ugonjwa au kwa lolote, kila kipande ni mali ya kampuni, na Sturgis atamleta mwanamke kisimani na keki ya harusi mkononi. Kwa hiyo mwache atazame picha zinazopigwa kila siku, ni haki yake, kisha funga mlango. Usimpe kitu cha kuchezea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi simwamini hata mpishi.

Orrin


Hollywood
9 Mei 1953

Kapteni,

Picha za mwanzo nilizitazama nikasema, naam, huyu ndiye aliyetengeneza "Jaji wa Mto Mkavu", mzee bado yupo. Kisha ikaja mikebe ya Alhamisi, na tangu hapo sijui niseme nini.

Tangu lini unapiga kila upande? Clay anafungua dirisha, na mimi naletewa dirisha kutoka mbali, kutoka karibu, kutoka ndani, kutoka begani kwa Clay, kutoka nyuma ya farasi ambaye hahusiki. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwongozaji anayepiga kila upande ni mtu asiyejua anachotaka. "Bwana Harusi wa Kukodi" watu waliitazama wakalia kwa kucheka nchi nzima, na harusi yote ile uliipiga kwa picha moja. Ilipofika pale ulipopataka, ukanyosha mkono ukaiziba lenzi kwa kiganja, kama unavyofanya siku zote, ili bwana wa ofisini asipate hata kipande cha kunyofoa. Sijawahi kupokea kipande chako kisichoishia na kiganja kile, na pengo la kidole cha pete ulichoiachia kamba ya ng'ombe, enzi zile ulipokuwa ukilipwa kuanguka kutoka kwenye farasi. Naujua mkono ule kuliko wa marehemu mume wangu.

Mkono wa Alhamisi una vidole vyote vitano.

Ni wa nani? Siulizi kwa ubaya. Sturgis huja kila asubuhi, anakaa nyuma yangu na kikombe chake, na yeye si kipofu. Kwa hiyo kabla hajaingia naikata ile mikono yote na kuitia kwenye kopo la biskuti. Akiona mkono wa mtu mwingine unaziba lenzi yako, ataanza kujiuliza nani anaongoza filamu yake.

Halafu kile kikaratasi chako cha Alhamisi kimepigwa taipu. Wewe! Ulisema taipu ni ya wanasheria na wachumba wanaoachana. Kapteni, kuna nini huko? Nimejaza karatasi mbele na nyuma, na bado sijasema la maana: picha za dirisha ni mbaya kuliko zote ulizowahi kuniletea, na siamini ni zako.

Niandikie kwa mkono wako.

Verna


Kanab, Utah
13 Mei 1953
(kwa taipu)

Verna,

Barua yako imefika. Fupi kama ya karani wa posta. Picha za mwanzo nzuri, Sturgis huja asubuhi, wasalimu wote, kwaheri. Nilitegemea ungeniambia habari za dirisha. Tukio lile limenikosesha usingizi na wewe hukulitia hata neno moja.

Wengine wana maneno mengi kuliko wewe. Delbert amezungumza na mtu wa maabara ya kusafishia filamu. Huyo anasema Sturgis hashindi tena ofisini kwake, anashinda chumbani kwako, na kwamba mnafunga mlango. Anasema pia kwamba kabla ya maonyesho unakata vipande vyangu na kuvificha kwenye kopo, na mtu akilisogelea kopo unamng'akia.

Vipande gani, Verna? Unamwekea nani?

Najua Delbert ni mropokaji. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilipokuwa napiga "Treni ya Wachimba Shaba" mtu niliyekuwa nakula naye kila siku ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kwa kampuni. Alikuwa mcheshi sana. Alikuwa akinimegea pai yake.

Nijibu kwa posta ya kawaida, usitie barua ndani ya mikebe. Mikebe hufunguliwa.

Orrin


Hollywood
17 Mei 1953

Kwa yeyote anayejiita Orrin Maddock,

Nilijaza karatasi mbele na nyuma, unaniambia barua fupi. Nililaani picha za dirisha kwa maneno ambayo mama yangu angenisugua ulimi kwa sabuni, unaniambia sikulitaja. Nilikuuliza habari ya mkono, kimya. Ila tazama maajabu: barua yangu ilipofika huko, picha zilizofuata mkono ukaja na vidole vinne!

Mmekunja kidole kidogo, wapumbavu nyie. Orrin Maddock hana kidole cha pete.

Kwa hiyo kuna mtu huko anasoma barua zangu, na anazisoma kwa makini sana, na si wewe. Nimefikiri mengi. Nimefikiri Sturgis ameshakuondoa, ameweka mtu wake, na taipu inaandika kwa jina lako. Nimefikiri umekufa, Kapteni, na wanakuficha mpaka picha zikamilike, maana watu wa kampuni hii wangemkalisha maiti kwenye kiti cha mwongozaji kama kiti kimelipiwa. Usicheke. Nimelia juzi kwenye gari.

Na kopo, ndiyo, lipo. Ndani yake kuna mikono ya uongo, na ninaificha kwa ajili yako. Kama hilo nalo halikufika masikioni mwako katika barua iliyopita, basi waulize walio karibu nawe, usimwulize Delbert.

Kama ndiwe, niambie jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Usiku wa onyesho la kwanza la "Jaji", mgahawa ulikuwa umefungwa. Tulikula nini, tumekaa wapi?

Verna


Kanab, Utah
21 Mei 1953
(kwa taipu, nakala kwa Bw. Sturgis)

Bi. Kessler,

Barua yako ya tarehe kumi na saba nimeipokea. Inakiri kwamba kopo lipo. Hainiambii ndani yake mna nini wala ni la nani. Badala yake unanihoji mimi kama polisi anayemhoji mwizi wa kuku: uko wapi, nani yuko karibu nawe, nani anasoma. Maswali ya namna hiyo nimewahi kuulizwa, na siku zote nyuma ya anayeuliza alikuwapo mtu wa ofisini.

Nimemwandikia Sturgis. Kuanzia sasa picha za "Kisima cha Mwisho" zitakatwa na mtu mwingine atakayemchagua yeye. Angalau huyo nitajua ni wa nani.

Sikutegemea kwako. Kwa mwingine yeyote ningetegemea.

O. Maddock


Hollywood
24 Mei 1953

Gus Lindahl,

Wewe ndiye unayemsomea. Ulipokosea kukunja kidole nilikuwa sijajua, lakini leo nimekaa nyumbani sina kazi na nimepata nafasi ya kufikiri. Mpelekee karatasi hii mahali mlipo wawili tu, uisome kwa sauti tangu hapa mpaka jina langu. Usiruke neno. Ukiruka, nitajua, kwa sababu nitakuja huko na gari langu, na unanijua ninavyoendesha.

Kapteni, ni mimi.

Huoni. Sijui ni kiasi gani. Barua yako ya mwisho ya mkono, mistari ilipandana kama watu wanaogombea basi, ukasema unaandikia garini. Kwenye sherehe ya Krismasi ulimimina kahawa kwenye sahani ya binti wa Sturgis, ukasema ni mzaha, tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote. Mungu anisamehe.

Mficha uchi hazai. Uliogopa ukiniambia, Sturgis angenisoma usoni. Pengine kweli, uso wangu haujui kuficha. Lakini ulipomficha anayekata picha zako, ulijifichia wewe mwenyewe. Nilikuuliza juu ya mkono, Gus akaruka. Nilikuambia ninaukata usionekane, Gus akaruka. Na sasa msomee na hili, Gus, kwa sauti: unapiga kila upande. Yeye anakuambia picha moja, wewe unapiga moja yake na nyingine za kwako, kwa sababu unaogopa kukosea na yeye hawezi kukuona. Ulidhani unamsaidia.

Kapteni, vipande hivyo vya ziada ndivyo Sturgis alivyokuwa akivitazama akicheka. Ana Lorna, yule anayecheza mwanamke, akitembea barabarani, kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka karibu, akitabasamu kwa kitu ambacho hakijulikani. Kijana wake aliyekaa kwenye kiti changu tangu jana, nasikia, amekwisha kuvipanga. Kimebaki kisima tu. Mkipiga kisima namna hiyo hiyo, Clay akageuka mara moja, akainua uso mara moja, watamwunganisha na tabasamu la Lorna, na mwanamke atakuwa amekuja. Hutaweza hata kuwashitaki, kwa sababu umepiga wewe.

Kwa hiyo picha moja. Na kiganja mwishoni, mapema, kabla Clay hajapata nafasi ya kugeuka.

Ndani ya kifurushi hiki kuna glovu. Nimekikunja ndani na kukishona kidole cha pete, cha pete, Gus. Nilikusudia aivae Gus kama ni lazima. Nikipima naona ni afadhali uivae wewe mwenye mkono.

Nina hasira nawe sana, Orrin. Ungeniuliza. Siku zote hizi tulizokaa gizani pamoja, ungeniuliza tu.

Verna


Kanab, Utah
27 Mei 1953

Kwa Verna,

Mimi si mwandishi. Nilisoma yote. Sikuruka.

Haoni uso wa mtu, anaona mwanga na kivuli. Ilianza wakati wa baridi, hapa jangwani ikazidi. Aliniapisha. Karani wa kambi hupiga taipu anayoambiwa, hajui lolote. Barua zako nilikuwa namsomea mimi, na pale uliposema picha ni mbaya na mkono si wake, ulimi ulinigoma. Picha mbaya ni zangu. Ningemwambiaje kwamba hata hapo alipofika kunitegemea, nimeharibu? Ile ya pili nilimsomea maswali yako nikaacha sababu. Nikaona akikasirika nikanyamaza zaidi. Hilo ni langu.

Nilipofika mwisho alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akaniuliza, "Gus, pande ngapi?"

Nikamwambia, "Zote, Kapteni."

Akanitukana kwa Kiswidi, lugha ya nyumbani kwetu. Miaka yote hii sikujua kwamba anakijua.

Halafu akaomba glovu. Akaivaa, akapapasa pale pa kidole. "Ameshona mwenyewe?" Nikasema mshono mbaya namna hii ni wa Verna tu. Akacheka kidogo, akageukia ukutani, nami nikatoka nje.

Amemwandikia Sturgis urudishwe kazini. Mkataba unasema mkataji anamchagua yeye, basi Sturgis atake asitake. Amesema nikuambie hivi, neno kwa neno: "Mkate wa siagi ya karanga, juu ya kibao cha mtoto cha kutelezea, katika bustani ya kanisa, na wewe ulichanika soksi."

Kisima tunakipiga kesho. Picha moja, mkebe mmoja, na mkono ni wake. Nilimwambia, Kapteni, lenzi hutaiona. Akasema kamera inanguruma, ataifuata kwa sikio. Clay ataondoka na farasi kuelekea bonde, na kwato zikifika kwenye mawe ndipo atakaponyosha mkono.

Naogopa. Sijawahi kupiga picha moja tu ya kitu chochote bila yeye kusimama nyuma yangu akiona.

G. Lindahl


Hollywood
6 Juni 1953

Kapteni,

Msomee taratibu, Gus.

Nimerudi kwenye kiti changu. Kijana wa Sturgis ameniachia harufu ya mafuta ya nywele na penseli zilizotafunwa. Jana tulitazama kisima. Mimi, Sturgis na wanasheria wake wawili. Mkebe ulipofika hawakunipa nafasi ya kuufungua peke yangu.

Nitakuambia kilichomo. Clay amekaa ukingoni mwa kisima, kofia mapajani. Hafanyi kitu. Anatazama barabara, na mimi niliye na kazi ya kukata sikutaka kukata. Kisha anavaa kofia, na anavyoivaa unajua kwamba hatangoja tena. Anapanda. Anaondoka ametupa mgongo, hageuki. Sturgis alikuwa akinong'ona, "Geuka, geuka, mwanaharamu." Hakugeuka.

Kwato zikagonga mawe, mkono wako ukaingia.

Uliingia kutoka kushoto, ukaenda juu mno, ukakosa. Ukashuka. Clay alikuwa mbali, mdogo juu ya farasi, na vidole vyako vikampitia pale alipo, polepole, vikampapasa kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Vikarudi. Halafu ndipo kiganja kikaipata lenzi, na ikawa giza.

Taa zikawashwa. Kisha Sturgis akasema, "Huyu mtu haoni."

Nikaanza kuirudisha filamu kwenye mkebe.

"Tangu lini? Ulijua?" akaniuliza. "Ningelijua wiki iliyopita!"

"Ndiyo maana wiki iliyopita hukujua," nikamwambia.

Akawageukia wanasheria. Wakafungua mkataba, wakaufunga. Filamu imekamilika kwa wakati. Ukataji ni wako. Akatoka bila kikombe chake. Sidhani kama atakupa filamu nyingine, Kapteni, na sidhani kama kampuni yoyote itakupa, kufikia Jumatatu mji mzima utakuwa umejua. Nakuambia sasa usije ukaambiwa na Delbert.

Bado ulinifukuza kwa barua ya taipu, na nakala kwa Sturgis. Sijalisahau hilo na usitegemee nitalisahau kwa sababu ya macho.

Sasa kazi. Naweza kukata pale mkono unapotaka kuingia, tukabaki na Clay na bonde. Ni mwisho mzuri, watu watavaa makoti yao waende. Au naweza kuuacha mkono wote, ukose, umpapase, uzibe, kisha yaje majina ya walioitengeneza. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Watu watajiuliza ni nini. Mimi ningeuacha. Lakini mkono ni wako, sema wewe.

Verna


Makasi,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa na sijui kama zimekaa kwenye karatasi. Gus nimemtoa nje.

Glovu inanibana gumba.

Unasema vidole vilimpitia Clay. Nimekaa nalo siku nzima nikijiuliza kama ni kweli au umenitungia ili nipate usingizi. Ndivyo nilivyo, hata sasa. Ningemwuliza Gus, lakini Gus nimeshajua anavyosoma. Ningemwuliza Sturgis, na siku nikifika kumwamini Sturgis nizikeni.

Filamu zangu zote niliziona kabla ya mtu yeyote. Hii sitaiona. Nitakaa gizani na watu, nitasikia viti vikilia na mtu akipenga kamasi, na mengine yote yatakuwa neno lako. Nimemshuku kila mtu aliyewahi kunishikia taa. Wewe nilikushuku kuliko wote kwa sababu wewe tu ndiye ungeweza kuniumiza. Nisamehe au usinisamehe, ila usiache kuniambia kilichomo.

Juu ya mkono sina la kusema. Kata unavyoona wewe.

Orrin